Maua Niliyopanda Bila Mizizi

Kama ulisoma shule ya msingi upande wetu wa Kakamega wakati viatu vilikuwa vya Krismasi na siku nyingine zote ni miguu mitupu, basi haya nitakayosema hayatakuwa mageni kwako. Utakumbuka baridi ya umande kwenye nyayo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Utakumbuka kibuyu cha maji mkono mmoja na, kila Ijumaa, kinyesi cha ng'ombe mkono wa pili, kimefungwa vizuri kwa jani la mgomba, kwa sababu sakafu ya darasa ilikuwa ya udongo na sisi wenyewe ndio tulioipaka. Nikiwaeleza wajukuu wangu kwamba tulibeba mavi ya ng'ombe kwenda shule, na kwamba aliyeyasahau alichapwa, wananitazama kama mtu anayefaa kupelekwa hospitali.

Boma letu lilikuwa upande wa Kabras, pale mashamba yanapoishia na msitu kuanza. Kati ya mahindi ya Baba na miti ya kwanza ya msitu palikuwa na njia ya ng'ombe tu. Tuliamshwa na mbega waliokoroma juu ya miti kama pikipiki inayokataa kuwaka. Mvua kubwa za Aprili zilipoanza, hewa yote ilinuka majani yaliyooza na udongo uliolowa, na baada ya siku mbili tatu kumbikumbi walitoka ardhini, tukawala wengine wakiwa wangali wanapiga mabawa. Uyoga uliota kando ya njia. Mapera tulichuma kwenye shamba la yeyote ambaye hakuwa na mbwa. Jioni tulicheza kati, mchezo wa kukwepa mpira wa karatasi za nailoni, au bladda, mchezo wa kuruka kamba ya mpira wa tyubu uliokatwa katakata, mpaka Mama aite mara ya tatu. Mara ya tatu ndiyo ilikuwa na maana. Mbili za kwanza zilikuwa salamu.

Ninaposema sisi, ninamaanisha mimi na binamu yangu Mmbone. Mama yake alikuwa ameolewa mbali, naye akaletwa kwetu asome. Tulilingana umri, tulilala kitanda kimoja, tulichapwa kwa kiboko kimoja. Tofauti yetu ilikuwa kwamba Mmbone alifikiri kabla ya kutenda, jambo ambalo mimi nililiona ni kupoteza wakati.

Na palikuwa na Kukhu, yaani bibi kwa lugha yetu, mama yake Baba. Usidhani alikuwa bibi mtulivu wa kukaa na kutoa mawaidha. Kukhu alikuwa mwembamba, mbishi, mwenye kupenda ugoro na chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Aliweza kumtazama mtu machoni na kumdanganya bila hata kupepesa. Mkusanya ushuru akija, Kukhu alikuwa kiziwi. Mhubiri akija, alikuwa mgonjwa wa mgongo. Wageni wakishaondoka, alisikia na kutembea vizuri kabisa.

Siku za Alhamisi wanawake waliruhusiwa kuingia msituni kuokota kuni zilizokauka, na Kukhu alitupeleka baada ya shule tumsaidie kubeba. Alhamisi moja ya mvua, nilipokuwa darasa la nne, alitutoa kwenye njia ya kawaida, tukateremka mahali penye giza chini ya miti mikubwa, karibu na kijito. Hapo ndipo nilipoliona lile ua kwa mara ya kwanza.

Halikuwa refu. Lilikaa karibu na ardhi, petali zake nyeupe kabisa, na koo lake la zambarau kama ulimi wa mtoto aliyekula zambarau. Majani yake yalikuwa mapana, ya kijani kizito, yamelala chini kama masikio. Maua yenyewe yalikuwa mengi, yametapakaa kati ya mizizi ya miti, na kwa vile mahali penyewe palikuwa na giza, weupe wake ulionekana kama umewashwa. Mmbone akasema, "Ni kama taa." Tangu siku hiyo tukayaita taa.

"Hapa tunapita tu," Kukhu alisema. "Tukitoka, hatukupita."

Nilimwuliza kwa nini. Akatueleza kwamba zamani, ng'ambo ya kijito, palikuwa na mahali pengine kama pale. Akaja mwanamume mmoja kutoka mjini, amevaa soksi ndefu, akamwuliza Kukhu kama anajua maua mazuri. Kukhu alikuwa msichana aliyeolewa juzi, akataka kuonekana mwenye maarifa, akampeleka. Kesho yake mtu yule alirudi na jembe na magunia. Alichimba yote. "Mimi ndiye nilimwonyesha," Kukhu alisema, akatema ugoro. "Sasa hapo ng'ambo panaota magugu." Alijitwika kuni zake akatangulia.

Mwaka uliofuata, nikiwa darasa la tano, tuliletewa Mwalimu Zuhura. Alikuwa mtu wa Malindi, mwembamba, mcheshi, anaendesha baiskeli ya kike na kitambaa chake kimefungwa kichwani vizuri hata upepo haukukipata. Sisi hatukuwa tumewahi kusikia Kiswahili cha namna ile. Alituambia "tafadhali," sisi watoto. Siku ya kwanza nilimshtakia, "Mwalimu, huyu ananipiganga." Akaniuliza taratibu, "Anakupiga, au anakupiganga? Hiyo nga umeitoa wapi, Nafula?" Sikujua nimeitoa wapi. Nilidhani ilikuja pamoja na lugha.

Mwalimu Zuhura aliweka meza ndogo kwenye kona ya darasa, akaiita meza ya maumbile. Kila Jumatatu tulete kitu cha kutoka shambani au msituni, tukieleze. Atakayeleta kitu ambacho darasa zima halijawahi kukiona, ndiye atakayegonga kengele ya shule wiki inayofuata. Wewe uliyesoma wakati ule unajua maana ya kugonga kengele. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini. Aliyeigonga alitoka darasani kabla ya wengine wote, akatembea peke yake uwanjani, na shule nzima, pamoja na mwalimu mkuu, ikamtii. Hata sasa sijapata cheo kilichozidi hicho.

Wiki ya kwanza nilipeleka konokono. Watu watano walikuwa na konokono. Wiki ya pili nilipeleka jiwe lililometameta, na msichana mmoja, mtoto wa karani, akaleta unyoya wa buluu wa ndege mkubwa wa msituni, akapewa kengele. Aligonga kwa maringo wiki nzima. Ijumaa nilikuwa nimeshaamua.

"Usifanye," Mmbone aliniambia Jumapili baada ya kanisa, alipoona ninaelekea msituni. "Kukhu atajua."

"Ua moja tu," nilimwambia. "Kukhu hahesabunginga."

Mmbone alizicheka zile nga zangu mbili, lakini hakunifuata.

Jumatatu niliweka lile ua mezani katika kikombe cha bati. Darasa zima lilisogea mezani. Mwalimu Zuhura aliinama, akaligusa kwa ncha ya kidole, akaenda kuchukua kitabu chake cha maua, akafungua kurasa kwa muda mrefu huku tukimngoja. Kisha akakifunga.

"Halimo," alisema. "Nafula, hili umelitoa wapi?"

Nilimwangalia Mmbone. Mmbone aliangalia dari.

"Nyumbani," nikasema.

"Nyumbani wapi?"

"Kwetu. Nyuma ya jikoni."

"Yapo mengi?"

"Iko mengi, Mwalimu."

"Yapo mengi," alinisahihisha, na uso wake ukang'aa. "Basi Jumamosi nitakuja niyaone. Waambie wazazi wako."

Alinipa kengele palepale, nianze wiki ile ile, niendelee na inayofuata. Niliigonga kuanzia Jumanne mpaka Ijumaa, na kila nilipoigonga nilihesabu siku zilizobaki. Nilitamani Jumamosi ifutwe kwenye kalenda.

Nyumbani nilisema tu kwamba Mwalimu anakuja kututembelea. Sikusema kwa nini. Mama alielewa alivyotaka kuelewa, kwamba mwanawe ni hodari mpaka mwalimu ameona aje awapongeze waliomzaa. Nyumba ilipakwa upya. Vikombe viliazimwa kwa jirani, na vitambaa vya kushonwa vikawekwa kwenye viti vyote, hata kile cha miguu mitatu ambacho hakuna aliyekikalia. Kwa kuwa Mwalimu alikuwa Mwislamu, Mama alimwita Mzee Musa mwenye duka, Mwislamu aliyetoka Mumias, aje achinje kuku. Baba alikuwa fundi wa baiskeli sokoni Lubao, na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake ya kazi nyingi. Siku hiyo hakwenda. Alinyoa ndevu. Nilipomwona Baba amenyoa ndevu kwa ajili ya uongo wangu, nilitaka kulia.

Ilinibidi nimwambie Mmbone tutafanya nini. Hakunisuta. Alisema tu, "Basi twende sasa hivi, jua halijatoka."

Tulikimbia mpaka kijitoni siku hiyo ya Jumamosi, umande umetulowesha hadi magotini. Nilikuwa nimekusudia kuchimba, lakini hatukuwa na jembe, na mikono ilipogusa ule udongo nilimkumbuka yule mtu wa soksi ndefu. Nikajiambia kuchimba ni vibaya, kuvunja si vibaya sana. Tulivunja mashina kumi na mawili pamoja na majani yake, tukayafunga kwenye leso, tukarudi mbio. Nyuma ya jikoni, karibu na shimo la majivu, tulitoboa matundu kwa kijiti, tukayasimamisha yote kumi na mawili kwa mistari miwili iliyonyooka kama wanafunzi kwenye foleni. Tukamwagia maji.

Saa tatu yalikuwa bado mazuri. Saa nne jua liliwaka, yakaanza kuinamisha vichwa. Tuliyafunika kwa jani la mgomba. Saa tano kuku waliobaki, ambao nadhani walikuwa na hasira zao za siku ile, wakaja wakayadonoa mawili. Saa sita na nusu tukasikia kengele ya baiskeli ya Mwalimu.

Alikaribishwa kama mkuu wa wilaya. Sasa, kwetu wakati ule mwanamke hakuwa anakula kuku. Mila zilikuwa zimeanza kulegea, na Mama alikuwa na kawaida ya kuonja jikoni kwa siri, lakini mbele za watu ingokho ilikuwa ya wanaume, na firigisi ilikuwa ya mwenye boma peke yake. Hakuna mtu mwingine aliyethubutu hata kuitazama. Lakini mgeni alikuwa mwalimu. Baba alifikiri kidogo, akachukua firigisi kwa mkono wake mwenyewe, akaiweka juu ya obusuma, ugali wetu, kwenye sahani ya Mwalimu Zuhura. Kukhu, aliyekuwa amekaa mkekani, akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa na ugonjwa.

Mwalimu hakujua heshima aliyopewa. "Ahsante, Baba Nafula, lakini mimi firigisi sili tangu utotoni," alisema kwa upole, akaichukua kwa kijiko, akaihamishia kwenye sahani yangu. "Mpeni mwanafunzi wangu hodari."

Baba aliitazama firigisi yake ikiwa mbele yangu kama mtu anayesindikiza ndugu kituoni. Kisha akasema, "Haya. Kula."

Nilikula. Ilikuwa firigisi yangu ya kwanza maishani, na kwa jinsi nilivyokuwa na hofu sikuijua ladha yake.

Baada ya chai Mwalimu alisimama, akakung'uta gauni. "Basi, Nafula. Twende ukanionyeshe."

"Akuonyeshe nini?" Mama aliuliza.

"Yale maua. Si ndiyo yaliyonileta?"

Tulitoka wote. Mwalimu mbele, mimi nyuma yake, Mmbone nyuma yangu, kisha Mama na Baba, na mwisho Kukhu na mkongojo wake. Niliondoa jani la mgomba. Maua kumi yalikuwa yamelala chini kabisa. Mwalimu alichuchumaa, akashika moja ambalo lilikuwa limejikaza kidogo, na likatoka lote mkononi mwake. Chini ya shina hapakuwa na kitu. Akalitazama. Akajaribu la pili, nalo likatoka vilevile.

"Nafula," alisema, bila hasira, "haya yameota lini?"

"Leo asubuhi," nikasema, na angalau hilo lilikuwa na ukweli ndani yake.

Mama alishika kichwa. Nilisikia Baba akivuta pumzi, nikajua kinachofuata. Wakati huo nilikuwa simwangalii mtu mwingine ila Kukhu. Alikuwa ameyatambua maua yake. Uso wake ulikuwa umekaza, na kwa mara ya kwanza nilimwona amezeeka.

Halafu akafungua mdomo, na kwa kile Kiswahili chake cha sokoni akasema, "Mwarimu, ni mimi nilipanda. Macho yangu siku hizi haionangi mizizi."

Hakupepesa hata kidogo. Mwalimu Zuhura alimtazama, kisha akanitazama mimi. Nadhani alielewa kila kitu hapo hapo. "Pole, nyanya," alisema. "Hata mimi nikipanda huwa nasahau vitu." Baba akageuka ghafla, akaenda kuiinamia baiskeli ya Mwalimu na kuanza kukaza mnyororo ambao haukuwa umelegea. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Sijui kama alikuwa anacheka, lakini hakunichapa, siku hiyo wala nyingine.

Nilidhani nimepona. Lakini Kukhu alinivuta mkono, akaniambia kwa lugha yetu, "Nimekwisha kusema uongo wako. Sasa wewe utasema ukweli wangu. Mwambie ulikotoa, na umwambie kwa kile Kiswahili chake kizuri."

Nikasimama mbele ya Mwalimu, mbele ya wazazi wangu, nikasema yote, kengele, kijito, mashina kumi na mawili, na yule mtu wa magunia. Nililia nikisema. Nilipomaliza, Kukhu akaniambia, "Mwulize kama anachimbanga."

"Kukhu anauliza kama unachimbanga."

Mwalimu hakunisahihisha. "Mwambie sichimbi."

"Mwulize kama ataandika mahali penyewe kwenye kitabu."

"Mwambie sitaandika. Nataka kuchora tu."

Kukhu alifikiri. Alimpima Mwalimu kutoka kitambaa mpaka viatu, akatazama soksi zake. Zilikuwa fupi. "Basi twende," alisema.

Tulikwenda wanne. Tulipofika, Mwalimu Zuhura alimpa Mmbone mwavuli wake. Alivua viatu, akalala kifudifudi juu ya majani yaliyolowa, na gauni lake zuri la Jumamosi, akatoa daftari na penseli, akachora. Sikuwa nimewahi kuona mtu mzima akilala chini mchana kwa hiari yake. Mmbone alimshikia mwavuli matone yalipoanza kudondoka kutoka kwenye miti.

Mimi Kukhu alinipeleka kando, mahali tulipovunja. Vishina kumi na viwili vilikuwa vinatoa maji. Alivihesabu kimoja kimoja kwa ncha ya mkongojo, na kingine pembeni, kile cha Jumapili. Kwa hiyo alikuwa anahesabu siku zote.

"Ungechukua ua tu, nisingesema," aliniambia. "Umekata na majani. Majani ndiyo yanalisha kile kilicho chini." Alifukua udongo kidogo kwa kidole, akanionyesha. Kulikuwa na kitu kidogo cheupe, kama kiazi cha kuchezea kalongo, ule mchezo wetu wa kupikapika. Akakifunika tena haraka, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

"Yatarudi?" nikamwuliza.

"Sijui," alisema Kukhu. Na huyo alikuwa mtu ambaye hakuwahi kukosa jibu.

Jumatatu nilimwambia Mwalimu kwamba ua langu lisihesabiwe, na kengele apewe mtu mwingine. Alisema, "Vizuri," bila kubishana. Nilikuwa nimetarajia abishane kidogo.

Mwaka ule ulikuwa mrefu kuliko yote niliyoishi. Mvua zilipokwisha, yale majani yaliyobaki msituni yalikauka, na kufika Desemba palikuwa pakavu tupu, huwezi kujua kama kuna kitu chini. Kukhu alinieleza kwamba ndivyo yalivyo kila mwaka, lakini hilo halikunituliza. Kila Alhamisi nilimbebea kuni nyingi kuliko uwezo wangu, bila kuambiwa. Mvua za Aprili zilipoanza, nilikuwa siwezi kukaa darasani. Alhamisi ya kwanza tulikwenda. Kote kijitoni taa zilikuwa zimewaka kama kawaida. Lakini pale petu, palikuwa na majani madogo tu, saba, mepesi, hayana hata ua moja. Mengine hayakutoka.

"Yamenuna," Kukhu alisema. Na kwa namna alivyolisema nikajua kwamba mimi sinuniwi tena.

Mwaka uliofuata majani yale saba yalikuwa mapana, na matatu yakatoa maua. Mmbone alinisukuma, mimi nikamsukuma, tukaangukia kwenye kijito na kuni zetu, tukacheka mpaka Kukhu akatishia kutuacha. Mwalimu Zuhura alikuwa amehamishwa kurudi pwani muhula ule. Kabla ya kuondoka alimletea Kukhu mchoro wake, umepakwa rangi, umefungwa kwa karatasi ya nailoni. Kukhu hakujua kusoma. Aliniuliza, "Ameandika wapi?" Nikatazama. Chini alikuwa ameandika jina la Kukhu na neno "taa." Mahali hakuandika. Kukhu alikubali kwa kichwa, akauweka ndani ya sanduku lake la nguo. Mchwa waliula baadaye, kama walivyokula kila kitu chetu cha karatasi enzi zile, vyeti vya ubatizo na vyote.

Nimefanya kazi ya masjala mjini Kakamega mpaka nikastaafu, na katika miaka hiyo yote sikulifikiria lile ua sana. Lakini Aprili iliyopita mjukuu wangu Shantel, aliye chuo kikuu, alitaka nimpeleke msituni. Siku hizi kuna lango, kuna tiketi, na kuna vijana waliosomea kuongoza wageni. Kijana wetu alikuwa mpole, ana darubini shingoni. Tulipofika chini karibu na kijito, alitusimamisha, akatuonyesha ua jeupe lenye koo la zambarau, akasema kwa sauti ya chini, "Hili, mama, watu wa chuo wanasema halipatikani popote duniani isipokuwa hapa na misitu michache ya upande huu."

Nilikaa juu ya gogo. Unajua, sisi tulidhani kila msitu wa dunia unalo. Tulidhani hata Malindi, kama Mwalimu angetafuta vizuri.

Shantel alipiga picha. Alipiga ua, akajipiga yeye na ua, akajipiga yeye bila ua. Alisikitika kwamba mtandao haupo. "Kukhu, hapa panaitwaje? Nataka kuweka location."

"Hapa tunapita tu," nikamwambia. Akanitazama kama wanavyonitazama nikizungumza habari za kinyesi cha ng'ombe. Lakini ni mtoto mzuri. Aliirudisha simu mfukoni, akapiga magoti kwenye tope na suruali yake iliyochanwa kiwandani, akatazama lile ua kwa macho matupu kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani kizazi hiki kinaweza. Kisha akaniuliza, "Kukhu wako alikuwa anakaaje? Una picha yake?"

Sina. Hakuna aliye nayo. Enzi zile mpiga picha alikuja Krismasi, na kila alipokuja Kukhu alikuwa anaumwa mgongo. Shantel alianza kupigwa picha kabla hata hajakauka baada ya kuzaliwa, na nikifa leo atakuwa na sura zangu elfu moja, nyingine nikiwa nimefungua mdomo usingizini. Ni jambo zuri, siwezi kusema ni baya. Lakini sura ya Kukhu imebaki kwa watu wawili tu duniani, mimi na Mmbone. Mmbone aliolewa Mautuma, analima mahindi, magoti yanamsumbua. Jioni ile nilimpigia simu nimwambie habari za ua, tukajikuta tunazungumza habari za Kukhu, na tukaanza kubishana kuhusu pengo lake la jino. Mimi nasema lilikuwa juu, upande wa kushoto, alikopitishia ugoro. Mmbone anasema lilikuwa chini, na kwamba mimi tangu zamani nilikuwa mtu wa kutunga. Tumebishana hivyo mwaka mzima sasa, kila Jumapili, na hakuna mwingine aliye hai tunayeweza kumwuliza.